Sitatia Kidole Ku Ile Karatasi

Mama Riziki, bibi yangu,

Mi niko na miaka makumi saba na tatu. Nimezika bandugu yangu banaume bote bane, nimepita vita, nimepita kolera mara mbili, na mutumbwi ilizama na mi mu ziwa mbele ya Kazimia, nikaogelea mupaka inchi kavu na suruali yangu. Basi usishituke ukiona hii barua, mi niko muzima. Na wewe? Mugongo ingali inauma? Mihogo ya Kilembwe imetoka?

Riziki wetu amezala, mutoto mwanaume. Iko mu chumba ya oksijeni. Anapumua, lakini leo siku ya tatu, hajalia vizuri na hajanyonya.

Sikia vile ilikuwa. Tulifika ku hospitali hapa Baraka asubui. Maji ilikuwa imekwisha kupasuka ku nyumba. Muzalishi hakumupima hata kidogo. Alisema tu, "Mimba ya kwanza, bado sana. Aende atembee mu kiwanja."

Nikasema, "Mama, maji imekwisha kumwangika."

"Mzee, we umeshazala mara ngapi?"

Bamama bote ku bitanda bakacheka. Nikanyamaza, mi Asende mwenye hanyamazishwe na muntu! Riziki akatembea mupaka jua ikawa kali. Kisha akanikamata shati: "Baba, kuko kitu inatoka." Ilikuwa kamba ya kitovu, imetangulia mbele ya kichwa.

Mama wa kufagia ndiye alitupa ufagio, akamupigisha magoti, kichwa chini, matako juu, ili mutoto asifinye ile kamba. Mi nikapiga kelele mupaka dokta akatoka mbio. Bakamupasua tumbo.

Sasa, shida ni hii. Jana muzalishi alileta karatasi ya Kifaransa, nitie kidole. Alizani mi sijue kusoma. Mi nilisoma miaka mbili nzima kwa bapadri! Nikatembeza kidole polepole, nikakuta neno moja: retard. Kuchelewa. Ile naijua sana, mwalimu alinichapa juu yake kila asubui. Bameandika eti ni sisi tulichelewa kufika. Nikamurudishia.

Mukwe wetu ananiomba, "Baba, tia tu. Mutoto angali mu mikono yabo." Na mama ya mukwe anasema eti Riziki aliruka kamba ya mbuzi akiwa na mimba, ndiyo ilileta hii. Nikitia kidole, kosa itabaki ya binti yetu maisha yote. Nisipotia, na bakiacha kumuangalia mutoto? Toka jana ugali haishuke. Ile usiambie muntu.

Lakini sitatia. Maneno ya mbuzi ikifika kule, ujibu wewe, kinywa unayo.

Salimia dada yangu mukubwa, umuambie aombe. Salimia katekista, naye aombe na nguvu, asisinzie.

Ni mi bwana yako, Asende.

Muntu akisema ninaongeza chumvi, aulize mama wa kufagia, na mama wa kitanda ya pembeni, alisikia yote. Riziki asiulizwe kwanza. Anakamua maziwa mu kikombe, tone kwa tone, na kila mulango ikifunguka anainua kichwa.