Faili la Harusi na Faili la Maziko

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Sufyan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu salamu za mtu mwenye wasaa, maana shule zimefungwa na leo sina daftari la mtoto wa mtu la kusahihisha. U hali gani wewe, na wifi yangu, na watoto? Joto la Maskati limepungua, au bado mwaishi ndani mkiogopa mlango? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Nyumba imesimama, bomba la jikoni lavuja palepale ulipoliacha, na paka wa jirani amezaa tena kwenye ngazi zetu bila kuomba ruhusa.

Usishtuke kuona karatasi. Ningeweza kukupigia, lakini wajua simu za nyumba hii. Ukipiga wewe, baba huiweka kwenye spika, na kabla hujamaliza kuongea mtaa mzima umeshajua umekula nini. Kwa hiyo nimeandika, na Yumna, binti wa jirani anayekuja huko wiki hii, amekubali kuibeba barua bila kuuliza maswali. Nina jambo la kukwambia, lakini nitalifikia kwa njia yake, kwa sababu ukiliona peke yake hutalielewa.

Nianze na kompyuta, maana habari hii uliianzisha wewe. Ulisema mfumo wa kompyuta ya baba umezeeka, kwamba waliouunda hawautengenezei tena kinga, na kwamba mwizi yeyote wa mtandaoni angeingia humo kama nyumba isiyo na komeo. Baba alijibu kwamba mwizi atakayeingia atakuta matangazo ya maziko, na akiyataka ayachukue. Wewe hukucheka. Ukamwagiza Kenneth, yule fundi wa Ganjoni, naye akaja na begi lake akashinda hapa kutwa, akatutilia mfumo mpya. Baba aliketi pembeni muda wote, kama mtu aliyempeleka mgonjwa wake kupasuliwa.

Tangu siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Kitufe cha kuanzia kilikuwa pembeni, sasa kiko katikati, na baba alitaka kujua nani aliyelalamika hata kikahamishwa. Kompyuta ilimletea habari za hali ya hewa ambazo hakuziuliza, na ikamtaka afungue akaunti ili atumie mali yake mwenyewe. Kubwa kuliko yote, ilitaka kumtazama uso kabla ya kufunguka. Hilo alilichukulia kama utovu wa adabu. Alisema katika maisha yake amefunguliwa milango na watu wakubwa, na hakuna aliyemkodolea macho namna hiyo.

Wewe mwenyewe ulijaribu kumsaidia kwa simu. Ulimwambia asome tu kilichoandikwa mbele yake kisha abonyeze anachoambiwa, ukarudia, ukarudia tena, naye akakata simu. Ukanipigia mimi kulalamika kwamba baba amekuwa mkaidi. Nilikubaliana nawe. Naomba uliweke hilo akilini.

Uliondoka kazi yake ya matangazo ikiwa changa, kwa hiyo nikueleze ilivyokua. Alipostaafu ukarani kule Shimanzi, msikiti ulimpa kazi ya kuchapa matangazo: fulani amefariki, maziko saa fulani, fulani anaoa, nikaha msikiti fulani. Hana mshahara, ana heshima tu, na heshima hiyo ndiyo inayomtoa kitandani tangu mama atangulie mbele ya haki. Huchapa bila kutazama vidole, kama walivyofundishwa makarani wa zamani. Akimaliza huniambia nimsomee kwa sauti, eti sikio ndilo linalojua kama tangazo limekaa sawa. Kisha humtumia Bwana Chirau, katibu wa msikiti, naye hulisoma kwenye kipaza sauti na kulisambaza kwenye simu za watu. Bwana Chirau hajawahi kulihakiki. Tangazo la Mzee Zakariya halihakikiwi.

Kwenye kompyuta alikuwa na mafaili mawili yaliyo tayari, la harusi na la maziko, ya kujaza majina, msikiti na saa tu. Faili la harusi alilikalisha kwenye pembe ya juu kulia ya kioo, na la maziko pembe ya chini kushoto. Alisema furaha na msiba si vizuri kulala kitanda kimoja. Tulikuwa tukimtania kwa hilo, na alituacha tumtanie. Kenneth, kwa kuwa ni kijana nadhifu, aliyakusanya mafaili yote akayapanga kwenye mstari mmoja, harusi na maziko bega kwa bega.

Sasa sikia yaliyomkuta Saif, kitinda mimba wa Bi Mwanatumu. Siku ya nikaha yake mimi nilikuwa shuleni nikisimamia mitihani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsomea baba. Akachapa peke yake, akatuma. Baada ya adhuhuri kipaza sauti kikatangaza inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Saif amefariki, ataswaliwa baada ya alasiri na kuzikwa Kikowani.

Watu walikuwa wameshaalikwa kwa mdomo kwenye nikaha ya alasiri ileile, lakini nani atabishana na tangazo? Nimeambiwa hata sababu ya kifo ilipatikana mara moja: pikipiki, kule Makupa, na alikuwepo mtu aliyeiona. Wanawake wakafika kwa Bi Mwanatumu na buibui zao, wakakuta sufuria kubwa motoni, mikeka imetandikwa na viti vimepangwa njiani, wakaona mambo yote yako kama yanavyotakiwa kuwa. Mmoja akamkumbatia Bi Mwanatumu akamwambia amshukuru Mungu kwa alilompa. Naye akashukuru kwa moyo mkunjufu, kwa sababu alikuwa akimuoza mwanawe.

Haya yote ningekuhadithia ukacheka, kama si jeneza. Vijana wa msikiti walileta jeneza mpaka mlangoni. Saif alikuwa ndani ukumbini akinyolewa ndevu. Akatoka na povu shavuni, akauliza kwa adabu nani aliyefariki. Mmoja wa vijana wale alikimbia. Bi Mwanatumu alipoona jeneza na mwanawe wamesimama uso kwa uso, akaanguka, na ilibidi apepewe mpaka karibu na magharibi.

Saif aliozwa siku ya pili, yuko salama, na rafiki zake wamempa jina la Marehemu, naye huitika. Lakini Bi Mwanatumu hakucheka. Alisema baba amemtilia mwanawe nuksi siku ya furaha yake. Baba alikwenda kumwomba radhi, akapokewa mlangoni tu. Kisha Bwana Chirau akaja kwetu, akanywa kahawa, akazunguka sana, mwishowe akasema kamati inaona pengine mzee apumzike, kazi apewe kijana. Wakampa muda wa kutafakari, ambayo ni njia ya kistaarabu ya kusema wameshaamua.

Baba alishikilia neno moja tu, kwamba ni kompyuta. Alisema mfumo mpya ndio uliobadilisha faili wenyewe. Alimwita Kenneth akamkemea mbele yetu, na mimi nikaongeza langu. Kenneth alijibu kwa upole kwamba mashine haibadilishi neno la mtu, kisha akaona sura zetu, akafunga begi lake akaenda. Kwa siku kadhaa niliamini kosa ni lake na lako. Hata hivyo kitu kimoja kilinikaa kooni. Tangazo la maziko lina mpaka mweusi mnene na inna lillahi imeandikwa juu kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu anawezaje kuliandika lote, akalimaliza, asilione?

Jawabu nililipata wiki iliyopita, alipofariki Bi Mejumaa muuza mahamri. Habari zilinifikia asubuhi kwa majirani, nami nikaleta chai nikamkuta baba tayari yuko kazini, kwa kuwa kamati ilikuwa haijatoa neno la mwisho. Alikuwa akichapa kwa ile kasi ya Shimanzi, kichwa amekiinamisha kidogo upande. Nikatazama kioo. Kilikuwa cheusi. Katikati kulikuwa na duara dogo likizunguka, na maneno yanayosema kompyuta inajisasisha, tafadhali usiizime.

Hakukuwa na tangazo, kaka. Hakukuwa na faili. Baba alikuwa akimwandikia Bi Mejumaa maziko yake kwenye giza, mstari kwa mstari, anasimama panapostahili kusimama, anaendelea. Alipomaliza akaegemea kiti, akaniambia nimsomee.

Ningeweza kumwambia. Nilisimama nyuma yake na kikombe mkononi, nikasoma. Nilisoma inna lillahi, nikasoma jina la marehemu na la baba yake, nikataja wanawe, nikamtaja kaka yake wa Kwale, msikiti, saa na makaburi. Mimi nimeyasoma matangazo yake kwa miaka, najua yanavyokwenda.

Baba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yule kaka wa Kwale alikuwa amemsahau. Hakumwandika.

Nikampa chai. Akaniuliza kioo kinasema nini, nikamwambia. Akacheka, akacheka mpaka akakiweka kikombe chini, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Moyo uliniuma siku hiyo kuliko siku tuliyomzika mama, na nakwambia hivi hivi bila kupamba.

Ni presha ya macho. Anayo tangu mwaka juzi, na daktari alimwambia mapema kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Uso akiuona karibu na kwenye mwanga anaupata, maandishi hayapati tena. Zile pembe mbili za kioo hazikuwa adabu ya furaha na msiba. Alikuwa akiisukuma mausi mpaka igote pembeni, hapo anajua amefika. Alinitaka nimsomee kwa sauti kwa sababu hiyohiyo. Na ile desturi ya kwenda ufuoni Mama Ngina jioni kula mihogo na wenzake, aliyosema ameiacha kwa ajili ya kelele, aliiacha kwa sababu alimpita rafiki yake wa miaka bila kumsalimu, na yule rafiki akanuna.

Alificha kwa kuogopa kwamba tungemwondoa mezani tukamkalisha kitini. Hofu yake ilikuwa na haki, maana ndivyo ambavyo ningefanya.

Sikufanya hivyo. Nilimrudia Kenneth na halua na maneno ya radhi kutoka kwa baba, naye akaja akayarudisha mafaili kwenye pembe zao. Nilimwendea Bwana Chirau nikamwambia kuanzia sasa kila tangazo litapita kwangu kabla ya kumfikia yeye. Sikumwambia kwa nini. Kamati imekubali, kwa shingo upande. Baba anachapa, mimi nasoma, na sasa nasoma kilichopo. Bi Mwanatumu bado hasalimii.

Jambo ninalotaka kwako ni dogo. Mfumo usiuguse tena. Na uje. Usingoje likizo ya mwakani, na ukija usilete sababu. Sema umekuja kula biriani ya harusi ya mtu, hapa hazikosekani. Ukifika kaa naye upande wa dirishani asubuhi, mkaribie, umwache akutazame. Daktari hakusema atakuwa na muda gani, nami sitaki kukukadiria.

Baba aliniapisha nisikwambie kwa simu. Karatasi hakuitaja.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na umwambie yule mdogo kwamba shangazi yake amepokea picha aliyochora na ameibandika jikoni. Majirani wote wanakusalimu, hata wale uliokosana nao. Baba amesikia nachapa, ameniomba nimwachie nafasi hapa chini naye akuandikie salamu zake. Ninampisha kitini sasa hivi. Barua yote iko wazi mbele yake, na sitaifunga.

Wasalaam,
Dada yako Nasiha

Sufyan mwanangu, wa alaykum salaam. Barua ya dada yako nimeipitia yote, haina kosa. Ameandika vizuri, ila amezidisha urefu. Mimi ni mzima, macho na miguu, usiwe na wasiwasi wala usiache kazi yako kwa ajili yetu. Kompyuta sasa tumeelewana. Baba yako, Zakariya.