Minazi Kumi ya Sihaba

Kanga, Mafia
Machi 1938

Kwa Baba Sihaba, huko Dar es Salaam,

Salamu zikufikie. Sisi wazima, mama yako amepona miguu, na mbuzi amezaa mapacha.

Siku uliponiacha ulisema mbele ya kadhi kwamba fedha huna, ila minazi yako kumi itamlisha binti yetu mpaka aolewe. Nikakubali, nikakushukuru mbele za watu. Juzi nimemwita mkwezi aangue nazi. Hajafika hata katikati ya mnazi, akaja Zahor mwenye duka na karatasi yake: minazi yote umeiweka rehani kwake, siku tatu kabla hatujaenda kwa kadhi. Sahihi ni yako. Ulijua, Shamte, na bado ukaapa.

Mimi nasuka makuti ya watu, tunakula. Hilo lisikusumbue.

Lakini Sihaba sijamwambia. Jana kaokota nazi iliyoanguka, akaja nayo mbio anacheka, na nyuma yake Zahor anamwita mwizi. Mtoto ameniuliza, nazi ya baba inaibwaje?

Mjibu wewe.

Aliyekuwa mkeo,
Zuleikha