Chumvi ya Koko ndani ya bahari ya Neema

Leo siku ya posho, Jumamosi, hapa Nyabiondo. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya maharagi, na mimi nimekaa kwenye kiti naangalia bahari.

Musicheke. Nimeandika bahari.

Wale munaosoma blogi hii kwa mara ya kwanza, mujue mimi ni Mama Neema. Nilisoma mpaka darasa la sita, nikaolewa, nikalima. Lakini Neema, mutoto wangu wa kwanza, alisoma biolojia Goma mpaka akamaliza, na sasa anafundisha kwenye sekondari yetu. Hakuna mama mwingine kwenye mulima huu mwenye binti wa namna hiyo. Kama yuko, ajitokeze.

Njo yeye aliyeleta bahari. Alikuwa anawafundisha wanafunzi habari ya maji ya chumvi, wakamuuliza kama yeye mwenyewe ameyaona. Hajayaona hata siku moja. Alirudi nyumbani na hasira ya baba yake, ile isiyopiga kelele. Ndugu yangu Bahati ni shofere wa kamyo, anapakia Mombasa na kushusha Goma. Neema akamutuma alete mufuko wa chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, pamoja na mawe yaliyotoka baharini kwenyewe, yasafiri ndani ya bidoni, dumu la maji ya kwao. Kutoka Goma mawe yalipanda pikipiki. Niliyapokea kwa mikono miwili kama mutoto muchanga. Yalinuka vibaya, sitadanganya.

Sanduku ya kioo, Neema anaiita akwariamu, si kubwa. Inaenea pale tulipokuwa tunaweka redio. Maji ni mvua yetu yenyewe, chumvi ndani, mawe ndani, na pompi ndogo inapuliza hewa kwa nguvu ya pano ya jua iliyo juu ya paa. Nikafikiri sasa samaki anaingia. Neema akasema hapana, maji lazima kwanza yaive. Akatupa ndani sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwani, akaziacha zioze.

Muntu aliyesoma hivyo anaozesha samaki pale tunapopokea wageni! Iliniuma.

Akanieleza. Kinachooza kinatoa sumu. Kwenye mawe kuna viumbe vidogo sana, jicho haliwezi kuviona, vinakula ile sumu na kuacha sumu ingine, kisha vingine vinakuja kula hiyo ya pili. Vikishakuwa vingi vya kutosha, samaki anaweza kuingia bila kufa. Nikamuambia kumbe ni kama mihogo tunayoloweka: humuoni anayefanya kazi, unasikia tu harufu inageuka. Akacheka, akasema inafanana.

Tangu pale nikaanza kuyapenda yale maji matupu. Kila siku Neema anachota kidogo, anatia matone ya kupimia, na rangi inamuambia yamefika wapi. Majirani walinitania sana. Mama Solange, tunaimba naye korali, aliniuliza kama maji yangu nimeyapa jina. Nami kwa mudomo wangu huu nikatangaza mbele ya korali yote kwamba samaki wa bahari atafika kabla mwezi haujaisha, wa rangi ya chungwa, na mistari myeupe. Prefe, yule mukubwa wa shule, naye alikuwa amesema samaki akiishi, Neema atapewa nafasi ya akwariamu darasani. Akifa, arudie ubao na chaki.

Juzi rangi ilisema maji yako tayari. Bahati alikuwa Mombasa anapakia. Ilibaki Neema apime mara ya mwisho leo, kisha amuambie anunue samaki.

Jana akafika Koko, mama ya bwana wangu, kutoka Kibua, kule porini Walikale. Alileta ndizi, na chumvi yake ya majivu ndani ya jani. Wanachoma majani ya mutoni, wanachuja majivu, wanachemsha mpaka unabaki unga. Nilimuonyesha bahari, nikajisifu kupita kiasi. Nikamuambia humu ataingia mugeni kutoka mbali sana.

Leo asubuhi maji yalikuwa maziwa.

Meupe kabisa, mawe hayaonekani. Neema alipima, akauliza nani ameweka nini. Nilikuwa nimeshaanza kuapa wakati Koko alijibu kutoka jikoni, anamenya ndizi, hata hakugeuka.

"Ni mimi. Mugeni hawezi kuingia mu nyumba ya mutoto wangu asikute chumvi yetu. Njo vile tunamupokea, asikuwe tena mugeni."

"Koko, uliweka ngapi?"

"Yote. Mimi si muchoyo."

Neema akakaa chini. Mimi ningepiga kelele. Yeye alimuambia polepole kwamba mugeni bado, chumvi imewakuta wenyeji, wale wasioonekana. Koko akaweka kisu.

"Niliwaua?"

"Sijui, Koko."

Hapo simu ikalia. Bahati yuko sokoni, anauliza anunue ao aache. Neema akaangalia maji, akaniangalia mimi, maana anajua nilivyotangaza. Moyo wangu ulikuwa unamuomba aseme nunua. Prefe, korali, Mama Solange, wote walinipita kichwani.

"Muyomba, safari hii usinunue," akasema. "Siwezi kuleta kiumbe afe, eti watu wasitucheke."

Niliona haya, na nikajivuna, vyote pamoja. Huyo njo mutoto niliyezaa.

Tulitoa karibu nusu ya maji kwa ndoo, tukatia mengine ya chumvi Neema aliyokuwa ameyatengeneza kwenye pipa. Muchana, ule weupe ukaanza kushuka chini kama unga. Koko hakula. Alivuta kigoda mpaka kwenye kioo, akakaa vile tunakaa karibu na mugonjwa.

Kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Mama Neema. Jiwe inatoa mukono."

Nikaja. Kweli, kwenye tundu la jiwe kulitoka mukono mwembamba kama uzi, una manyoya, unapapasa. Ukatoka mwingine. Halafu nyota ndogo ikajivuta nje, mikono mitano, na mwili wake haufiki mbegu ya haragi. Pembeni, kwenye tundu lingine, kitu kikafunguka kama ua la nyuzi nyuzi. Koko akasogeza kidole kwenye kioo, ua likapotea. Tukangoja. Likafunguka tena.

Neema alipiga magoti, mukono mudomoni. Akasema walikuja wamejificha ndani ya jiwe. Kutoka Mombasa, wakapita Kenya, wakapita Uganda, wakapanda pikipiki mpaka huku, na hizi wiki zote nilizowaambia watu tunangoja mugeni, walikuwa wanakula na kulala mezani kwetu. Na chumvi ya Koko ikawapitia, wakabaki.

"Kumbe alikuwa ameshafika," Koko akasema. "Basi chumvi yangu ilimukuta."

Neema alicheka mpaka machozi. Mimi nililia moja kwa moja.

Maji bado hayajapona. Neema amepima tena, anasema tutangoja upya, na prefe pia atangoja. Sijawahi kuona bahari, na pengine nitakufa sijaiona. Lakini leo mukono wake ulitoka ndani ya jiwe, kwenye mulima huu wa maharagi, ukatupapasa. Mungu alihangaika kutia manyoya kwenye mukono mwembamba vile, nani angeuona?

Kesho kanisani Mama Solange ataniuliza samaki yuko wapi. Nitamuambia samaki hayuko. Nitamuambia aje nyumbani, aache viatu mulangoni, apige magoti karibu na kioo, anyamaze, angoje.

Na mimi, Mama Neema, nitaweza kunyamaza pembeni yake?