Sauti Chini ya Mabati

Baraka, mwezi wa tatu 2002

Kwako yaya Adolphine, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana, wewe na shemeji Raphaël na batoto. Huko Kigoma mungali bazima? Kikohozi cha mutoto Divine kilipoa? Mimi mwili iko salama, lakini kaa kwanza chini kabla ya kuendelea kusoma.

Mudogo wetu Dorothée hayuko tena. Kolera, ile munayoita huko kipindupindu, ilimuchukua.

Unajua tulikimbilia kwa Mama Rosette, anayehifadhi bamama na babinti waliotoroka basoda na bunduki zao. Nyumba yake ilikuwa depo ya kuwekea pamba: ndefu, na mabati yake yamepindwa kama pipa lililopasuliwa katikati. Mama Rosette alikuwa amezibisha madirisha yote kwa matofali ili basoda basituone. Kweli, hawakutuona. Lakini kolera ilipoingia, sisi wote, bagonjwa na bazima, tulipita mulango mumoja, kando ya mutungi mumoja wa maji, na hewa ilikuwa nzito kama blanketi iliyolowa.

Tukajenga ukuta ndani, kutenga bagonjwa. Matofali yakaisha ukiwa umefika kimo cha muntu tu. Marie, muuguzi, ndiye peke yake aliruhusiwa kuingia. Dorothée aliingizwa asubuhi. Kesho yake Marie akatoka analia.

Sasa jambo la kutisha. Jioni ya mazishi, mwanga ulipoanza kufifia, sauti ikatoka juu ya ule ukuta: “Maji. Munipe maji.” Marie akaingia, akarudi mbio. Chumba kilikuwa kitupu. Dorothée ndiye alikuwa wa mwisho humo. Kesho yake sauti ikarudi, sasa ni munong'ono tu. Bamama bakaanza kufunga mizigo. Balisema heri basoda wa barabarani kuliko kulala na mufu mwenye kiu.

Mimi sikuogopa, yaya. Nilifurahi. Nilisogeza mukeka wangu mpaka ukutani, nikamuita kwa jina lake. Hakuitika. Alisema tu maji.

Nikachukua kikombe, nikaingia. Hata mule ndani sauti ilikuwa juu ya kichwa changu, inatembea kwenye mabati. Nikamuomba Marie abaki pale anong'one, nami nikafuata mabati hadi upande mwingine wa nyumba. Kwenye mulango wa stoo ya zamani nilimusikia Marie kama mudomo wake uko sikioni mwangu: mabati ndiyo yalibeba sauti. Mulango ulikuwa umefungwa kwa ndani; nikauvunja.

Kati ya magunia alilala Uwamwiza, binti wa Minembwe, kule milimani. Kolera ilipoanza, bamoja kati yetu balisema batu wa milimani ndio baliileta, naye akatoweka. Tulidhani amepanda kwao. Kumbe alijificha stoo, na ugonjwa ukamufuata humo.

Tulimunywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka macho yake yakarudi. Amepona. Mama Rosette mwenyewe alishika nyundo akafungua matundu ya hewa juu kabisa ya kuta, pasipofika jicho la muntu, na mulango wa pili kwa bagonjwa. Bamama balifungua mizigo yao.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Uwamwiza alipopata nguvu, aliniuliza ni nani alikuwa anaita mama yake kabla ya mapambazuko. Alikuwa Dorothée, usiku wake wa mwisho. Marie usingizi ulikuwa umemushinda. Uwamwiza alimusikia kutoka stoo, akajua kwamba akijibu tutamugundua na kumufukuza. Akashindwa kunyamaza. Akasema: “Niko hapa, mwanangu. Lala.”

Dorothée akauliza: “Mama, umefika?”

Akamuambia: “Nimefika.”

Kisha hakusikia tena kitu.

Uwamwiza ameniomba jina la marehemu mama yetu. Anasema alijibu kwa mudomo wa muntu asiyemujua, na hawezi kukaa hivyo. Nilimuambia. Sasa kila asubuhi nasikia akilitaja kwenye sala, kwa Kinyarwanda cha kwao.

Anakusalimia. Mulie, yaya, lakini musilie kama waliofiwa na muntu aliyekufa peke yake.

Mudogo wako akupendaye,
Marthe