Nafasi ya Vidole Viwili

Maabara, chumba cha nne,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Baridi ya huko inakuachia japo kidogo? Sisi wazima. Goti la mama limepata nafuu, sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Baba anakusalimu kwa cheo alichokupa mwenyewe, Profesa, na kila mgeni akiingia lazima akisikie. Akifika kwangu husema tu, "Na huyu naye yuko maabara."

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nisikudanganye, si kazi iliyonichelewesha. Ni wivu. Uliuliza kwa nini mirija yako ya kioo inapasuka kila unapopitisha mvuke kwenye ule unga wetu wenye vitundu, na jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza ukurasa. Nikaikunja barua, nikaitia kwenye droo. Nikasema, acha Profesa ajitafutie.

Tuliomba nafasi hiyo ya masomo ya ng'ambo sote wawili, ukachukuliwa wewe, niliyekufundisha mimi kutumia mizani. Picha yako mkuu wa maabara ameibandika juu ya sinki ninapooshea vyombo. Naosha, unanichekea. Inaniuma.

Sasa juzi nilikuwa najaza mrija huku nakuwaza wewe, nikaushindilia unga mpaka mdomoni. Mimi, mwenye miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Mvuke ulipoingia, mrija ukapasuka. Mkuu, niliyekwisha msimulia ya mirija yako, akacheka. "Ala, hata wewe? Kweli nyinyi ni damu moja." Nikacheka naye, lakini nilikuwa na hasira.

Haya, shika kalamu. Unga ule ukiwa mkavu, vitundu vyake vimejikunja. Mwanzoni unaukataa mvuke kabisa. Ongeza mvuke kidogo kidogo, utafika mahali vitundu vinafunguka kwa mpigo, unga wote unavimba, na usipokuwa na pa kwenda unavunja kioo. Kwa hiyo usiushindilie, na juu uache nafasi ya vidole viwili. Ukiupasha moto, mvuke unatoka na unga unarudi ulivyokuwa.

Ripoti ya utafiti wako ikitoka, jina langu liwe juu, kando ya lako. Kule chini kwenye shukrani sipataki. Siku hiyo mgeni akiingia, nataka Baba ashindwe aanze na nani.

Msalimie shangazi na mumewe, uwaambie mama anawakumbuka. Mungu akulinde, na mirija yako pia, kuanzia leo.

Dada yako,
akupendaye, hata wiki zile tatu.