Ng'ombe Mwekundu Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimebandika orodha ya uhalifu wa mwezi uliopita kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mara ya tatu sasa. Zamani kila mkutano wazee walisema huku hakuna wizi, kwa hiyo sungusungu wa kulinda usiku hawakupangwa. Majina yote nimeyafuta. Leo najisikia mtendaji wa kijiji hasa.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wamejaa ubaoni tangu asubuhi. Wanasoma, wanatazamana, wanacheka. Sijui kinachochekesha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejua. Nilimkuta mjane wa bondeni kwenye lambo, bwawa la mifugo, ananywesha ng'ombe. Jina lake siliandiki hata humu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Kisha akasema, "Umenitaja kwa ng'ombe wangu."

Nilirudi mbio kusoma maandishi yangu mwenyewe. Wizi wa mifugo: ng'ombe jike mwekundu, paji la uso jeupe, pembe ya kushoto imeinama. Mimi mtoto wa wakulima. Kwangu hayo yalikuwa maelezo tu. Kwa wafugaji ng'ombe anajulikana kama sura ya mtu. Mama yule alikuja kwangu kwa siri kumshtaki shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kwa wizi huo, na malalamiko yakafika polisi. Sasa ukoo mzima unajua. Mjinga mimi.

Karatasi nimeibandua. Kazi bure, maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne, 11 Machi
Ukoo umemtenga. Lamboni mifugo yake inasubiri mpaka ya wengine imalize, na inayobaki ni matope. Shemeji anataka afute malalamiko polisi. Akifuta, ng'ombe ndiyo basi, na huyo ndiye aliyekuwa akiwapa watoto maziwa. Nimeenda kuomba radhi. Alinisikiliza tumesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alisema atafikiri. Nina aibu.

Ijumaa, 14 Machi
Mwenyekiti anataka tuache kubandika kabisa. Nilikataa kwa hasira, nikapaza sauti mbele ya wazee. Vibaya, nitawaomba radhi na wao. Lakini tukiacha, shemeji ameshinda, na tutarudi kusema huku hakuna wizi.

Nimeandika upya. Miezi mitatu pamoja, vitongoji vyote pamoja. Aina ya kosa na idadi, basi. Hakuna rangi wala pembe wala siku. Makosa yaliyotokea mara moja tu nimeyaweka kwenye fungu la mengineyo. Mwenyekiti ameisoma mara mbili akitafuta mtu. Hakumpata. Amekubali.

Jumanne, 1 Aprili
Mvua. Njia ya Mogitu tope tupu, ofisini watu wachache. Orodha mpya imebandikwa asubuhi.

Mjane alikuja mchana. Nikamwamkia. Akaitika marahaba. Alisimama ubaoni muda mrefu, kidole kwenye wizi wa mifugo, akauliza wake ni yupi kati ya hao. Nikamjibu kwamba hata mimi siwezi kumwonyesha.

Akasema nimemficha ng'ombe wake vizuri kuliko shemeji yake.

Malalamiko hajayafuta. Alhamisi anaitwa polisi kutoa maelezo. Anakwenda.