Mkono wa Wafula Ulifika

Jumatatu, 8 Januari 1979

Sijamwambia mtu. Mkono wa Wafula ulifika.

Naandika huku nachunga maharagwe. Yakiungua ni mimi. Leo nimempeleka mdogo wangu Wafula kuandikishwa darasa la kwanza, shule ya kansili ya jiji. Mama yuko kibandani kwake, soko la Kariokor, Baba kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, kwa hivyo ni mimi. Foleni hadi nje ya geti. Akina mama watupu, na watoto waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Asiye na cheti cha kuzaliwa anapimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili, umri umetosha. Wafula hana cheti. Akaupitisha. Vidole vikashika sikio, nimeviona kwa macho yangu. Mwalimu alikuwa amegeuka, anapokea kikombe cha chai. Aliporudisha macho mkono ulikuwa unashuka.

"Bado huyu. Mwakani."

Wafula akasema, "Nimeshika!" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza. Shuleni nasoma lugha mbili, nyumbani tuna ya tatu, na hakuna hata moja iliyotoka. Nikamvuta tukaondoka.

Nyumbani nimesema haukufika. Ningesema ulifika, Mama angeuliza, "Na wewe ulisema nini?"

Jumanne, 9 Januari

Imekuwa mbaya zaidi. Wafula alikataa kula ugali mpaka apimwe tena. Baba akamsimamisha katikati ya chumba. Mkono ukapita, sikio likashikwa, tena likavutwa.

"Mbona unafika?" Mama akasema.

Wote wakanitazama. Nikasema kule shuleni aliinamisha kichwa, na mwalimu hataki mtoto ainamishe. Uongo wa pili umetoka laini kuliko wa kwanza. Wafula alinitazama tu. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatano, 10 Januari

Amesimama ukutani tangu asubuhi, kisogo kimegusa ukuta, anapitisha mkono. "Nekesa, angalia. Sijainamisha."

Sikuangalia. Nilisema nafua. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshaanikwa.

Alhamisi, 11 Januari

Ruth, msichana anayeshinda na Wafula, ameposwa. Jumamosi anakwenda kwao. Sasa lazima mtoto awe mahali fulani mchana, na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Baba alianza na ile akademi ya kwenye ukumbi wa kanisa. Kizungu tangu siku ya kwanza, na wanavaa tai.

"Tai!" Mama akasema. "Huyu shingo hana, mtaifunga wapi?"

Tulicheka, hata Baba. Kisha akataja karo, na kicheko kikaisha.

Mama Achieng', jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba moto. Akasema, "Si mna mwalimu humu ndani? Nekesa amfundishe hapahapa nyumbani." Kweli namfundisha. Anaandika jina lake, ingawa herufi ya F anaigeuza kisogo. Nilitaka kusema naweza.

Baba akajibu, "Na Nekesa akiwa shule afundishwe na nani, shemeji? Paka?"

Basi aende kwa Kukhu, bibi yetu, Bungoma. Shule ya kule haikatai mtoto. Mjomba Simiyu anasafiri Jumapili. Wameamua. Mama aligeuka akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikauliza kama watataka chai.

Ijumaa, 12 Januari

Nimemrudisha Wafula shuleni. Ruth nilimwambia tunakwenda kununua chumvi.

Foleni hakuna. Mwalimu yuleyule. Nilianza kwa Kizungu nikamalizia kwa Kiswahili, vyote vibovu: tafadhali mwangalie tena. Wafula akasimama wima kama askari. Safari hii mwalimu aliangalia kweli.

"Umefika huu. Jumatatu mlikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na mbona hukusema?"

Akanionyesha darasa kupitia dirishani. Madawati yamesogezwa hadi ubaoni. Nafasi ya mwisho ilichukuliwa jana. Hakunigombeza. Alisema tu pole, msichana, jaribuni mwakani. Jumatatu nafasi zilikuwepo. Nilizikalia kimya na zikaenda kwa watoto wengine.

Njiani Wafula anaruka. "Ulifika! Amesema ulifika!" Hayo mengine hakuyasikia, au hayakumhusu. Akasema atamwambia Mama. Nilisimama nikamwambia asimwambie mtu kwamba tulikuja huku.

"Kwa nini?"

"Atanichapa."

Akafikiri. Akapiga teke jiwe. "Basi sisemi."

Nilikuwa mwoga tu. Sasa mimi ni mbaya pia. Furaha yake yote ya wiki hii nimemwambia aimeze, naye akaimeza kwa ajili yangu.

Jumamosi, 13 Januari

Ruth ameondoka. Nimekunja nguo za Wafula. Zimeingia zote katika mkoba mmoja. Anauliza kama Kukhu ana redio, kama kule kuna watoto kama wa hapa mtaani kwetu Ziwani, kama kule pia wanapima mkono. Nimesema hawapimi. Akasema, "Hata wakipima."

Jumapili, 14 Januari

Wamemsindikiza hadi kwenye basi. Mimi nilisema naumwa tumbo. Ni kweli liliniuma.

Baba amebaki huko na wenzake wa kiwandani. Mama amerudi peke yake. Alikaa kitandani, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja polepole juu ya goti. Akasema Wafula hakulia. Kisha akasema, "Alipopanda ameniambia, 'Mama, usimchape Nekesa.' Nikuchape umefanya nini?"

Nikasema sijui.

Hakuuliza mara ya pili. Alichukua ndoo akaenda bombani. Nje jua linatua. Watoto wa ploti yetu wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wanagombana nani ametoka. Nimezoea kusikia sauti moja ikizidi nyingine zote. Leo sauti zao zote ziko sawa.

Kesho nitavaa yunifomu niende shule. Yeye atakuwa anaamshwa na Kukhu.

Mama akiuliza tena, nitasema. Nimeshapanga maneno, na si mengi.

Nasikia nyayo za Mama, nazijua hata akiwa amebeba mzigo. Ndoo imetua nje ya mlango. Naweka hii chini ya godoro.